Aliyetualika Bukari Kabla ya Kilio

Jumanne asubuhi, umeme ukiwa umekatika kama desturi yake, nilikuwa nimechuchumaa mbele ya mbabula nikipuliza makaa ili nipate chai, simu ikaita. Namba ilikuwa ya Uchina. Mpigaji alikuwa mwenzetu mmoja wa hapa Likasi ambaye bado anaishi Guangzhou, mji nilikoishi na mimi kwa miaka kadhaa nikifundisha Kifaransa, na tangu nirudi nyumbani hatukuwa tumesemezana. Hakunisalimu wala hakuuliza habari za watoto. Alisema tu: "Unaisha kula?" Nikajibu kwamba bado, makaa yanagoma. "Kula kwanza, kiisha nitakuita tena," akasema, akakata. Msomaji wangu, wewe ungeweza kudhani ni mtu mwenye adabu nyingi. Mimi nilikaa chini pale pale kwenye sakafu. Kwa watu wa Likasi waliopita mji ule, swali hilo si salamu. Maana yake ni kwamba kuna mtu amekufa, na anayekuuliza anataka uwe na kitu tumboni kabla hajakwambia ni nani. Sikula. Nani angekula? Nilimpigia mwenyewe nikamwambia aseme upesi, moyo wangu ukihesabu jamaa wote nilio nao duniani. Akasema. Amekufa yule yule aliyetufundisha sote kumlisha mtu kabla ya kumpa habari ya kifo.

Sitamtaja jina. Waliomjua wanamjua, na mama yake hapendi jina la mwanawe lizungushwe kwenye magazeti. Alizaliwa Panda, hapa hapa Likasi, kwenye zile nyumba za matofali za kambi ya wafanyakazi, na alipokuwa bado mwanafunzi wa shule ya msingi baba yake alianguka ghafla kazini, moyo ukasimama. Jirani mmoja mwenye kiherehere alikimbia kumtafuta mama. Akamkuta njiani kuelekea soko, beseni la nyanya kichwani, hajatia kitu kinywani tangu alfajiri, akamropokea habari pale pale kwenye vumbi. Mama akaanguka na nyanya zake, mkono ukavunjika, akamzika mumewe mkono ukiwa umefungwa shingoni. Yule mtoto aliona yote. Miaka mingi baadaye, huko ugenini, alinieleza jambo hilo kwa sauti ya mtu anayejua anachosema: "Kilio peke yake haikumuangusha mama. Njaa njo ilimuangusha." Kilio, kwetu, ni msiba wenyewe, siyo machozi tu. Na huyu bwana aliamini kabisa kwamba hakuna mtu anayepaswa kupokea kilio akiwa amesimama, akiwa peke yake, au akiwa na njaa.

Kazi yake kule ilikuwa kufunga mizigo. Wafanyabiashara wetu wakishuka kwenye ndege na macho mekundu, yeye ndiye aliyewapokea, akawazungusha kwenye masoko ya jumla, akabishana kwa Kichina chake cha haraka mpaka muuza viatu akatikisa kichwa kwa kushindwa, kisha akasimama kuangalia kila katoni likifungwa na kupandishwa kwenye kontena. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye kicheko cha ghafla. Maisha ya ugenini aliyajua kama kiganja chake. Alitufundisha kutembea na pasipoti kifuani hata ukienda kununua chumvi. Alitukumbusha kwenda kujiandikisha polisi kila tulipohama chumba, na kushusha muziki mtu asiyejulikana akigonga mlango. Uchina haikunitesa, niseme kweli. Vibibi wa sokoni walinishika nywele, wakacheka, wakaniwekea machungwa mkononi bila kutaka kitu. Lakini kwenye treni za chini ya ardhi kiti cha kando yangu kilibaki kitupu hata watu walipojaa, na siku zingine nilishindwa kujua kama nikasirike au ninyooshe miguu. Tuliishi tukijitazama kila saa: sauti yangu si kubwa mno? Karatasi zangu hazijaisha muda? Yule anayenitazama anataka nini? Roho haitulii, hata siku ambayo hakuna kibaya kilichotokea.

Hofu kubwa kuliko zote, hata hivyo, haikutoka mtaani. Ilitoka mfukoni, kwenye simu. Jua la kule linatangulia la kwetu kwa saa nyingi, kwa hiyo kilichotokea Likasi usiku kinakufikia wewe mchana, uko katikati ya watu, mikono imeshika mzigo. Ndiyo maana jamaa za hapa wakaanza kumpigia yeye badala ya kumpigia mfiwa. "Yaya," walimwambia, neno letu la kumwita kaka au dada mkubwa, "tunakuachia kilio yetu. Umwambie polepole." Naye hakukataa hata mara moja. Alikwenda kutafuta unga wa mahindi kwenye duka la Wachina wa kaskazini, ule wa njano, akasonga bukari, ugali wetu. Mboga hazikumsumbua, maana Wachina wa huko nao wanakula majani ya viazi vitamu, matembele yetu haya haya, yamefungwa mafungu sokoni kama uko Kikula hapa mjini kwetu. Kapenta, dagaa wetu wakavu, zilikuja kwenye masanduku ya wasafiri. Kisha akampigia mfiwa simu, akisema maneno yale yale siku zote: "Kuya tukule bukari." Alimwita na mtu mwingine mmoja awe shahidi, ili yeye na mfiwa wasikae wawili tu kama kwenye kesi. Walikula. Hakusema neno mpaka sahani imekwisha, mikono imeoshwa, na mlango umefungwa.

Nilimwona akifanya hivyo mara moja mahali pagumu kweli kweli. Mwenzetu mmoja, mzee wa biashara ya vipuri vya magari, alikuwa anapanda treni kwenda mji mwingine kukagua bidhaa, na asubuhi hiyo ndugu yake mkubwa alikuwa amefariki Lubumbashi. Kumwacha aende maana yake ni habari imkute kwenye behewa, katikati ya wageni, hajui hata neno la kuomba maji. Tukamkimbilia stesheni, mimi na marehemu wetu, mfunga mizigo, na sufuria imefungwa kwenye kitenge. Askari wa mlangoni waliifungua, wakanusa, wakaitana waje kutazama. Mzee alipotuona alifura. "Munafanya nini hapa? Treni yangu inaondoka!" Marehemu akatandika gazeti kwenye kiti cha chuma, akasema, "Papa, kaa kwanza, tukule kidogo." Mzee akatazama sufuria, akatutazama, akatazama saa. Tangazo la treni yake likasomwa, watu wakapita na masanduku yao ya magurudumu, wengine wakisimama kutupiga picha, Waafrika watatu wanaokula kwa mikono katikati ya stesheni. Mzee alikula akinung'unika kuhusu tikiti yake. Marehemu alimsikiliza, akamwongezea mboga, akamwongezea tena, na treni ikaondoka. Baada ya maji ya kunawa ndipo alipomshika mkono akamwambia. Mzee hakuanguka. Alilia akiwa amekaa, ameshiba, ameshikwa pande mbili, na mpaka leo anasema kwamba asingekuwa yule mtu, yeye angekufa kwenye behewa lile.

Lakini fikiri jambo hili lilimfanya nini mwenyewe. Mji mzima ulijua. Jina lake likitokea kwenye kioo cha simu, watu wazima waliacha kazi na kujishika kifua. Kuna waliomwona sokoni wakakata kona. Wanawake walimwambia kwa utani, utani ulio na meno, "Yaya, sisi hatuko na njaa, utuache!" Aliyependa watu kuliko wote ndiye aliyekuwa hana wa kula naye. Sikulitambua hilo mpaka aliponialika mimi.

Wiki hiyo mama yangu alikuwa anaumwa sukari hapa Likasi, na ujumbe wa dada yangu ulikuwa umefupika: "Mama iko muzuri." Nani anaandika maneno matatu tu kama mambo ni mazuri? Jumamosi simu ikaita. "Kesho, kuya tukule bukari." Nikauliza kuna nini. "Kuya paka," akasema, yaani njoo tu. Yo! Usiku ule sikufumba macho. Nilimpigia dada, simu haipatikani. Asubuhi nilivaa shati jeusi, nikalivua nikiona namtakia mama kifo, nikalivaa tena. Kwenye lifti mwanamke mmoja wa Kichina alinitazama usoni akanipa karatasi ya kujifutia. Nilipoingia chumbani kwake nilitafuta shahidi kwa macho, hayupo. Nikasema moyoni, basi yuko njiani. Tukakaa. Kila tonge la bukari nililisukuma kwa maji, na yeye akawa ananitazama kwa furaha na kusema, "Ongeza mboga, ongeza." Alipomaliza alinawa mikono taratibu, akaifuta kidole kwa kidole, akaniangalia. Sikuweza tena. Nikapiga kelele: "Sema basi!"

"Niseme nini?"

"Mama yangu!"

"Mama yako iko na nini?" Akashtuka kweli. Kisha akaelewa, akafunika uso kwa mikono miwili. "Aba! Leo ni siku minye nilizaliwa. Niliita batu kumi. Weye peke njo ulikuya."

Nilimkasirikia, jamani, nilimkasirikia vibaya sana. Nilimwita mchawi. Nilimwambia mtu kama yeye hana haki ya kusherehekea kwa bukari, anunue keki kama watu wengine! Akacheka mpaka machozi yakamtoka, nami nikacheka, tukapigana mabega. Kisha kicheko chake kikakatika ghafla, akasema kama anayejisemea, "Sasa minye, siku yangu ikifika, nani atapika?" Swali lile liliniogopesha kuliko usiku mzima uliotangulia. Nikaosha vyombo. Mama yangu, kwa taarifa ya wanaopenda kujua, alikuwa sokoni saa zile zile, na bado yuko, ananisoma.

Nimelifikiria swali lile wiki nzima hii. Watu wetu wameenea Asia yote sasa, Guangzhou, Dubai, Bombay, na simu imetuunganisha kila dakika. Mtu angedhani tumejuana hali. Hatujuani. Walioko kule wanasema "niko muzuri" wakiwa na homa kitandani, sisi huku tunasema "tuko bazuri" tukiwa hospitali, na kila upande unadanganya kwa upendo mpaka sauti ya simu yenyewe imekuwa kitu cha kutisha. Sikiliza na hapa hapa mjini: wale mafundi wa Kichina wanaofanya kazi kwenye viwanda vyetu vya shaba nao wamekaa hivyo hivyo. Mwezi uliopita nilimwona mmoja amechuchumaa nje ya duka, bakuli la tambi mkononi. Simu ikalia, akatazama namba, akaweka bakuli chini, akaiacha simu iite. Akaiacha iite tena. Hofu ile niliitambua, nimeivaa miaka mingi. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Marehemu wetu aliwaambia watu wa nyumbani Jumapili iliyotangulia simu ile kwamba yuko muzuri kabisa, na Jumatatu wenzake wakamkuta chumbani kwake amelala moja kwa moja. Moyo, wanasema, kama wa baba yake. Hakuna aliyejua alikuwa akiumwa.

Na sasa, mama wa marehemu. Mama yake yupo Panda, nyumba ile ile, na saa chache baada ya simu ile ya Jumanne mjomba wa marehemu, mdogo wake mama, alifika kwangu akiwa amevaa viatu visivyofanana. "Weye ulikulaka naye kule," akaniambia. "Weye njo utasema." Nikakataa, akakaa kwenye kiti changu, akakataa kukataliwa. Kilichotukimbiza ni simu. Tayari mjinga mmoja wa Lubumbashi alikuwa ameweka picha ya marehemu na mshumaa kwenye WhatsApp, watu wanaandika "pumzika kwa amani" chini yake kama wanaogombea zawadi, na mama ana simu yenye picha kama sisi sote. Mungu ambariki mama mdogo wa marehemu. Alikwenda asubuhi, akaichukua simu ya dada yake akisema anampelekea kuichaji kwenye duka lenye jenereta, akaitia kwenye sidiria yake, ikabaki humo. Majirani walikuwa wameshajua, wanakwaya wameshajua, viti vya plastiki vimefichwa nyuma ya nyumba ya tatu, na wanawake wa ukoo wamekaa huko wameziba vinywa kwa vitenge. Mtaa mzima ulikuwa kimya kwa namna ambayo hata mbwa angeshuku.

Tulikubaliana kumwambia kwa njia ya mwanawe. Nani angefikiri njia nyingine? Ilionekana ndiyo heshima ya mwisho tunayoweza kumpa. Basi wanawake wakasonga bukari, wakapika matembele na kapenta, wakafunga sufuria kwenye kitenge, na mchana ule tukaingia uani watatu: mjomba, mama mdogo, na mimi na sufuria. Mama alikuwa amekaa barazani anachagua maharagwe, anatoa vijiwe. Alitutazama sisi. Kisha akatazama sufuria. Vidole vyake vikasimama ndani ya ungo.

"Karibuni," akasema. "Leo ni sikukuu gani?"

"Tulisema tukuye kukula na weye, yaya," mjomba akajibu.

"Aksanti. Siko na njaa."

Mama mdogo akasema hata kidogo tu, tonge moja. Mama akatikisa kichwa. Akasukuma ungo kando, akakunja mikono mapajani, ule mmoja umepinda kidogo pale ulipovunjika zamani, akasema kwa utulivu ulionitoa jasho: "Kila mara mwanangu analishaka mutu kule, ananiita. Ananiambia, mama, leo nililisha mutu. Na minye namuuliza, alimaliza sahani? Hii sufuria minye naijua. Nikikula, mutasema. Sasa sikuli."

Ndipo nilipoona kosa letu. Tulikuwa tumebeba habari mikononi, imefungwa kitenge, inafuka moshi, tukapita nayo mtaa mzima tukidhani tumeificha. Mjomba akafungua kinywa. Mama akainua mkono. "Wacha," akasema. "Sijakula." Na mjomba, mtu mzima mwenye wajukuu, akafunga kinywa. Sheria ilikuwa ya mwanawe, na sisi wenyewe ndio tulioileta mlangoni. Tungeivunjaje?

Tukakaa. Sijawahi kukaa hivyo. Kila pikipiki iliyopita barabarani niliona inaleta mtu mwenye mdomo mpana. Mama akanigeukia mimi. "Weye ulikuwa naye. Kule anaishi namna gani?" Anaishi, alisema. Nikajibu kama alivyouliza. Nikasema anakaa ghorofa ya juu sana, dirisha lake linaona mto. Anaongea Kichina mpaka wenyewe wanashangaa. Anakunywa maji ya moto siku hizi kama wao, hata wakati wa joto. "Maji ya moto?" Mama akacheka. "Huyu anakataaka hata chai!" Akanieleza alivyochukia matembele utotoni, alivyoyaficha chini ya mkeka, na mimi nikamwambia kwamba sasa anayatafuta sokoni kila wiki. Nikamsimulia siku ile ya kuzaliwa, shati langu jeusi na kelele zangu zote, na mama alicheka mpaka akajishika mbavu, na mjomba akageuza uso ukutani. Kila sentensi niliyosema kwa wakati uliopo ilinichoma ulimi. Lakini ilikuwa kweli pia, kwa sababu pale barazani, kwa muda ule, yule mtu alikuwa anaishi.

Katikati ya mambo hayo teksi ikasimama kwenye kona, na binamu mmoja kutoka Lubumbashi akashuka ameshaanza kulia kwa sauti. Mama mdogo aliruka! Sijui mwanamke wa umri wake alipata wapi miguu ile. Akamdaka binamu kabla hajafika kwenye geti, akamziba mdomo kwa kiganja, akamburuta hadi nyuma ya nyumba ya tatu. Mama alisikia, nina hakika. Hakugeuka. Aliniuliza tu kama mwanawe bado anacheka ghafla, bila kutoa taarifa, kama alivyocheka baba yake. Nikasema ndiyo, mama, anacheka hivyo hivyo. Akatazama mabati ya nyumba za kambi yakianza kuwa mekundu kwa jua la jioni. Nilimwona akifika mahali fulani ndani yake ambapo sisi hatukuwepo.

"Bukari imepoa," akasema. "Ya baridi haikuliwi." Mama mdogo alitaka kuinuka, akamzuia. Aliwasha mbabula mwenyewe, akapasha mboga, akasonga bukari upya kwa ule mkono uliopinda, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akatupakulia sote. Akanawa. Akala. Alikula pole pole, tonge kwa tonge, hakuacha kitu, akafuta sahani kwa kidole kama mtu aliyefundishwa kutotupa chakula. Na sisi tukala, kwa sababu alitutazama mpaka tukala. Akanawa tena, akafuta mikono kwenye kitenge chake, akavuta kiti karibu yangu hadi magoti yetu yakagusana.

"Sasa," akasema. "Sema."

Nikasema. Hakuanguka. Aliniachia mikono yake, akafumba macho, na sauti iliyomtoka ilikuwa ndogo kwanza, kisha nyuma ya nyumba ya tatu wanawake wakaipokea, na mtaa wote ukafunguka kwa kilio. Mwili bado uko kule. Wenzetu wanahangaika, na mpaka ninapoandika haya sijui utarudi lini wala kama utarudi, na jambo hilo halinipi usingizi.

Siku zote nilidhani chakula chake kilikuwa cha kuwapa watu nguvu, kwamba aliwalisha ili miguu isiteleze. Labda hata yeye aliamini hivyo. Lakini siku ya tatu ya kilio mama aliniita kwenye mkeka wake, sauti imekwisha, akanishika sikio kama unavyomshika mtoto, akaniambia: "Munanipatia muchana muzima na mwanangu. Aksanti ya kuningojea." Hiyo ndiyo zawadi aliyokuwa akiwapa wafiwa miaka yote ile, na sisi tukahesabu bukari tu. Muda wote sahani ikiwa haijaisha, mtu wako bado yuko hai. Nyie mnaokimbilia kuweka mshumaa kwenye simu kabla maiti haijapoa, ili muonekane mmejua wa kwanza, jueni mnachomnyang'anya mama wa mtu: mchana wake wa mwisho na mwanawe, ambao hakuna atakayemrudishia.